Watu elfu 18 uwanjani, kimya: hoki ya Toronto wanaangalia au wanakagua hesabu?

Fundi Boila (mleta uzi)

Wakuu salaam. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite.

Mimi ni fundi wa mabomba ya joto kwenye jengo moja la maofisi katikati ya Toronto. Huu mwaka wa kumi na moja niko huku, na tangu nifike nasikia habari za Maple Leafs, timu ya hoki ya barafuni ya hapa, kila mahali: kwa kinyozi, kwenye treni, hadi kwa daktari wa meno huku mdomo umeachama. Timu haijabeba Kombe la Stanley, ndio ubingwa wenyewe wa ligi, tangu 1967. Yaani mwaka wa Azimio la Arusha. Lakini mapenzi ya watu hayapungui, na mimi taratibu nikaambukizwa na mwanangu, tukawa tunatazama wote sebuleni.

Jumanne iliyopita saa nane mchana bosi kaniita. Nikajua boila imezingua. Kumbe kuna mteja walikuwa waende naye uwanjani jioni, mteja kaghairi, tiketi inaozea kwenye simu. "Unapenda hoki?" Nikasema napenda. Akanirushia. Nikaangalia bei: dola mia tatu na ushei, kiti kimoja, mechi ya katikati ya wiki ambayo wala siyo ya mtoano. Kwangu mimi hiyo ni hela ya sokoni ya familia kwa wiki mbili.

Nikapanda treni ya GO nikashuka Union, ukitoka pale unatembea ndani kwa ndani hadi Scotiabank Arena, baridi haikugusi. Njiani raha tupu. Jezi za bluu, watoto wamepakwa rangi usoni, mzee mmoja anapuliza tarumbeta ya plastiki. Nikasema leo nimefika Kwa Mkapa ya barafuni.

Nikapita ukaguzi, nikashuka ngazi, kiti changu safu chache tu kutoka kwenye kioo. Wimbo wa taifa ukaimbwa, watu wakasimama, vizuri kabisa. Mchezo ukaanza.

Kimya.

Siyo kimya cha uwanja mtupu, watu wamejaa. Nilikuwa nasikia vyuma vya viatu vikikwaruza barafu. Nasikia gongo likikipiga kisahani, ambacho ndicho mpira wao, kisahani kikigonga ubao, paa! Nasikia wachezaji wakiitana. Skrini kubwa inawaomba watu wapige kelele, wanapiga sekunde tano, wanakoma wote kwa pamoja kama darasa lililoambiwa limsalimie mkaguzi.

Leafs wakafunga. Mimi nikaruka, nikapiga yowe la kwetu, mikono juu. King'ora kinalia, taa zinazunguka, nageuka kulia nimkumbatie mtu, jamaa anapigapiga mkono mmoja kwenye paja, mkono wa pili umeshika simu, anamalizia kuandika ujumbe. Baadaye kidogo akanigeukia kwa upole tu, mtu mstaarabu, akaniuliza: "Wewe uko kampuni gani?"

Hakuniuliza naipenda timu tangu lini. Kampuni gani.

Kipindi cha pili kimeanza, safu mbili mbele yangu ziko tupu. Ikapita dakika ya tano, ya sita. Wenye viti wako chini kwenye kumbi za kula, wanarudi mdogo mdogo na glasi mkononi. Vile viti vitupu nilikuwa naviona kwenye tivii nikidhani havijauzwa. Vimeuzwa, tena ndivyo vya bei kubwa. Kelele ya kweli ilikuwa inatoka juu kabisa, majukwaa ya 300 karibu na paa. Ile "Go Leafs Go" ilikuwa inanifikia kama redio ya jirani.

Sasa wenyeji nisaidieni. Hawa watu ndivyo walivyo, au ni bei? Au mimi ndiye mshamba?

Mtu wa Mzunguko

Mpira wa magongo barafuni... mkuu gongo ya barafuni inauzwa wapi? Sisi huku Manzese tunaijua ya kwenye chupa ya maji.

Nimekaa paleee, naendelea kusoma.

Mama Hesabu

Mleta uzi, wewe si mshamba. Mimi ni Mkenya, niko Etobicoke, kazi yangu uhasibu, na hiyo tiketi yako nimeipitisha kwenye vitabu mara nyingi kuliko nilivyoiona kwa macho.

Iko hivi. Hapa Kanada kampuni ikimpeleka mteja kwenye burudani, sheria ya kodi inairuhusu kuhesabu nusu ya gharama kama gharama ya biashara. Kwa hiyo ile mia tatu yako, mia na hamsini inaingia kwenye hesabu na kupunguza faida inayotozwa kodi. Wewe fundi ukinunua tiketi hiyo hiyo kwa mshahara wako, umeinunua kwa pesa ambayo tayari imekatwa kodi. Mko kwenye foleni moja lakini hamlipi bei moja. Marekani walilifuta hilo kwa sheria ya kodi ya 2017. Sisi bado tunalo.

Sasa weka hapo Bay Street. Makao makuu ya mabenki makubwa, mawakili, bima, yote yako mwendo wa miguu kutoka uwanjani. Hakuna mji mwingine wa hoki Kanada wenye wateja wa aina hiyo kwa wingi huo. Mwenye timu angekuwa mjinga asiwauzie viti vya chini.

Na mteja hapelekwi pale kushangilia, bana. Anapelekwa ili kazungumzwe kamkataba. Ukipiga kelele unakatiza mazungumzo.

Fundi Boila (mleta uzi)

Mama Hesabu, umenifungua. Sasa naelewa kwa nini yule bwana aliniuliza kampuni. Alikuwa kazini.

Babu wa Church Street

Vijana mnaongea kama jambo hili limeanza jana. Mimi nilifika Toronto 1986 kutoka Unguja. Uwanja ulikuwa Maple Leaf Gardens, pale Carlton na Church, uliojengwa 1931. Viti vilikuwa na rangi zake: dhahabu chini kabisa, halafu vyekundu, na ukipanda hadi juu kabisa unavikuta vya kijivu. Kijivu ndiko tulikokuwa sisi. Ukisimama unaona barafu kama sahani ya wali iliyo mbali.

Na nawaambia, hata wakati huo kwenye dhahabu palikuwa kimya. Conn Smythe, aliyeujenga, alitaka watu waje wamevaa kama wanakwenda kwenye tamthilia. Kwa hiyo suti si ugonjwa mpya. Kilichobadilika ni kwamba zamani paa lilikuwa karibu na sisi wa kijivu tulikuwa tunaweza kulipa. Kelele yetu ilikuwa inapiga paa na kuwaangukia wale wa dhahabu, watake wasitake. 1999 timu ikahamia jengo la sasa, kubwa, lenye vyumba vya makampuni vimezunguka katikati kama mkanda. Sisi tukasukumwa juu zaidi, na bei ikatufuata huko huko.

Gardens bado ipo. Chini ni duka la vyakula. Kuna doa jekundu sakafuni, ujia wa 25, linaloonyesha palipokuwa katikati ya barafu. Nikienda kununua vitu huwa nalikanyaga makusudi.

Mtu wa Mzunguko

Babu shikamoo. Hiyo ya kukanyaga doa dukani nimeipenda.

Ila tuwe wakweli wakuu, hata Kwa Mkapa VIP A huwa kimya. Wale wanakunywa maji baridi na kupigiana simu. Siku ya Simba na Yanga nani aliwahi kusikia kelele inatoka VIP A? Tofauti ni kwamba kwetu mzunguko ndio uwanja wenyewe. Watu elfu sitini, wengi wao wamelipa bei ya mzunguko, VIP ni kipande tu pale katikati, imezungukwa. Huko kwenu naona wameigeuza shati ndani nje, VIP imezunguka barafu, halafu mzunguko wameutundika darini.

Fundi Boila (mleta uzi)

Hapo umenena kuliko sisi tunaoishi huku.

Mtoto wa Bukavu

Ndugu zangu, mimi niko Montréal, na ninapinga. Mnasema bei, bei. Bell Centre bei pia ni kali sana, wakubwa pia wako, mabenki pia yako. Jengo lile linachukua watu zaidi ya elfu ishirini na moja, kubwa kuliko yote kwenye NHL, hii ligi kuu ya hoki. Na linanguruma! Mechi ya mtoano mtu wa pembeni yako anakuambia neno, hulisikii. Kisahani kikiokolewa tu na kipa wanasimama.

Sisi pia kombe la mwisho ni 1993. Kwa hiyo msiseme njaa ya kombe. Kwetu watu wanaikosoa timu kama wanavyokosoa padri, kwa sababu ni yao. Mwenye suti wa Montréal alianza kuwa shabiki akiwa mtoto, suti ilikuja baadaye.

Mama Hesabu

Ndugu wa Bukavu, hiyo hoja nimeipokea. Bei peke yake haitoshi kueleza. Lakini angalia ulichosema mwenyewe: suti yenu ni shabiki. Toronto watu wanatoka kila pembe ya dunia, mteja wa kampuni anaweza kuwa ametua jana kutoka Frankfurt. Amepewa kiti cha mbele kabisa na hajui kwa nini refa kapiga filimbi.

Mwenye Karatasi

Nawachekesha. Mimi hoki ya Leafs naitazama Buffalo.

Kilomita kama 160 kutoka Toronto, unavuka mpaka kwa gari. Wenye karatasi lakini, wengine msijaribu. Leafs wakienda kucheza na Sabres, sisi tunanunua tiketi kule kwa sababu hata ukiweka mafuta na kubadilisha dola bado mara nyingi inakuja nafuu. Uwanja unageuka bluu. Watu wa Buffalo wanakasirika, wanazomewa kwao wenyewe. Ottawa ni hivyo hivyo, timu yao inaingia uwanjani nyumbani na kupokelewa kama mgeni.

Sasa jiulizeni. Hao wanaopasua koo Buffalo ni nani? Ni Wachina wa Markham, Wahindi wa Brampton, Waitalia wa Vaughan, na mimi Mchaga mmoja. Ni watu wa Toronto hao hao mnaosema ni wapole. Wamevuka mpaka wa nchi ili wapige kelele.

Fundi Boila (mleta uzi)

Hii ndiyo hoja iliyonimaliza. Na nakumbuka 2023 walipowatoa Tampa Bay, raundi ya kwanza ya mtoano kushinda tangu 2004, nilikuwa natoka zamu ya usiku. Ule uwanja wa wazi nje ya jengo, penye skrini kubwa, watu walikuwa wamesimama kwa maelfu kwenye baridi, wanalia, wanapandana mabegani. Hakuna aliyelipia kiti. Kelele ya timu hii iko nje ya ukuta, ndani wameuza ukimya.

Roho Imechoka

Mnawaonea. Mimi ni shabiki wa ndani, tiketi yangu nanunua mwenyewe mara mbili kwa mwaka, na mimi pia hukaa kimya. Mnajua kwa nini? Uoga.

2013, mchezo wa saba, ule wa mwisho wa raundi ya mtoano, na Boston, tunaongoza 4-1 kipindi cha tatu, tukafungwa. 2018 Boston tena. 2019 Boston tena. 2021 tunaongoza Montréal michezo 3-1, tukatolewa. 2024 Boston tena. Mei 2025 Florida wakaja kwetu mchezo wa tano, 6-1. Tukaenda kwao tukashinda, tukarudi nyumbani mchezo wa saba, 6-1 tena. Mtu aliyeachwa na mchumba yule yule mara sita hapigi vigelegele siku ya posa.

Halafu hoki si soka. Kisahani kinakwenda kasi, ukiimba ubeti mmoja goli limeingia. Watu wanatazama.

Mtoto wa Bukavu

Kwani kisahani cha Montréal kinakwenda polepole?

Babu wa Church Street

Roho Imechoka, pole mwanangu. Lakini zile mechi mbili za Florida kimya hakikuwepo. Walizomea hadi sauti zikakauka, jezi zikarushwa barafuni. Koo wanazo. Nilikuwa natazama nyumbani nikawaza, hii ni kelele ya mwenye hisa, anasubiri mkutano mkuu apate pa kugombeza.

Roho Imechoka

Babu umenipiga penye kidonda. Mimi sikurusha jezi lakini. Bei ya jezi yenyewe unaijua?

Ndugu wa Portage

Niwape hadithi ya Winnipeg ili msidhani kuuza kwa makampuni ni ujanja wa wabaya tu.

Hapa timu ya kwanza iliondoka 1996, mji ukalia. 2011 ikaja nyingine kutoka Atlanta. Tiketi za msimu elfu 13 ziliwekwa sokoni. Zilipofunguliwa kwa umma zilizobaki ziliisha ndani ya dakika 17. Mtu wa kawaida, fundi, mwalimu, dereva, wanachanga wanne kiti kimoja. Na uwanja ulikuwa unaungua. Kwenye wimbo wa taifa wakifika kwenye maneno "True North" jengo zima linapiga yowe. Wakati wa mtoano wote wanavaa nyeupe, utadhani umeingia kwenye ubatizo.

Sasa mtu wa kawaida ana ubaya wake: akichoka, anachoka. Ikaja korona, vitu vikapanda bei, na msimu wa 2023-24 tiketi za msimu zilishuka chini ya 9,500. Uwanja wenyewe ni mdogo, watu elfu 15 na kitu. Hadi kamishna wa ligi, Gary Bettman, akaja mjini, na watu wakaanza kunong'ona timu itahama tena. Hapo ndipo wenye timu wakaenda kuwabembeleza wenye makampuni, maana hapa walikuwa wachache mno.

Toronto mnalia suti zimejaa. Sisi tulikuwa tunazitafuta kwa tochi.

Ila Mei 2025 mchezo wa saba na St. Louis, Jets wetu wamesawazisha zikiwa zimebaki sekunde chini ya tatu. Sijui nilimkumbatia nani. Alinuka vitunguu na nampenda hadi leo.

Mama Hesabu

Hapo sasa kuna la kufikiri. Kampuni inalipa hata timu ikiwa mbovu, shabiki analipa kwa moyo. Mwenye timu anapenda pesa isiyo na moyo, haiamki asubuhi ikabadili nia.

Na kuna jingine. Kampuni yenye hisa nyingi za Leafs ndiyo hiyo hiyo yenye haki za kuonyesha NHL kitaifa, mkataba wa miaka kumi na miwili wa zaidi ya dola bilioni tano, na umeshafuatiwa na mwingine wa bilioni kumi na moja kuanzia msimu wa 2026-27. Kwa hiyo ukishindwa tiketi ukabaki sebuleni na mwanao, hujawakimbia. Umehamia dukani kwao lingine.

Mwenye Karatasi

Na msiwasahau walanguzi. Ontario ilitunga sheria 2017 kwamba tiketi isiuzwe tena kwa zaidi ya asilimia 50 juu ya bei iliyoandikwa. Serikali iliyofuata ikakifuta kifungu hicho. Siku hizi mlanguzi hasimami na koti nje ya geti akikunong'oneza. Ana programu, ana nembo, na anakutumia risiti.

Msee wa Panari

Wadau, mimi niko tu Nairobi lakini hoki naijua. Mombasa Road, hotelini Panari, kiwanja cha barafu kidogo, hakifiki kile chenu. Kenya Ice Lions walianzia hapo. 2018 walipelekwa Kanada, Crosby na MacKinnon, nyota wa NHL, wakavaa jezi ya Kenya wakacheza nao. Sasa tumeingia shirikisho la dunia kama mwanachama mshiriki.

Watazamaji ni kama hamsini, wengine ni wageni wa hoteli waliopotea njia wakitafuta choo. Na kelele ni mingi kushinda ya Toronto, nawaambia.

Mtu wa Mzunguko

Hahaha waliopotea wakitafuta choo. Leteni hiyo timu Dar, barafu tutachukua feri.

Babu wa Church Street

Fundi, nikupe ushauri mmoja kabla hujakata tamaa na mchezo wenyewe. Usirudi pale kwa hela yako. Nenda kawaone akina dada, Sceptres, ligi ya wanawake ya PWHL. Mechi ya kwanza kabisa ya ligi hiyo, tarehe 1 Januari 2024, ilichezwa humo humo Gardens, ghorofani juu ya lile duka. Walipigwa 4-0 na New York na watu hawakutoka. Sasa wamehamia Coca-Cola Coliseum kwa sababu pale palikuwa padogo. Mpeleke mwanao.

Fundi Boila (mleta uzi)

Wakuu, mrejesho.

Nimekwenda Jumamosi na kijana wangu wa miaka tisa. Viti viwili vimenigharimu chini ya theluthi ya kile kimoja cha bosi, na tulikuwa karibu kiasi cha kuona jasho. Nilichokutana nacho mlangoni ni watoto. Timu nzima nzima za wasichana wamevaa jezi zao za shule, wana mabango ya maboksi, rangi bado mbichi. Mlio wao si wa kiume, ni mwembamba na hauishi, masikio yanawasha.

Kuna wakati Sceptres walikuwa pungufu, mchezaji wao yuko kwenye kibanda cha adhabu, na bado wakafunga. Nikashangilia nikakaa. Kumbe yule wa kibandani kafunguliwa mlango katoka mbio, adhabu imefutwa. Sikuelewa. Msichana wa safu ya nyuma, hana hata meno ya mbele, akanigonga begani akaniambia kwa ukali kidogo: ukifunga ukiwa pungufu, mfungwa wako anaachiwa. Ndiyo sheria ya ligi yao. Akaona bado nashangaa, akanirudia polepole.

Mwanangu hadi leo anaidai sheria hiyo nyumbani. Akipewa adhabu ya kutotazama tivii anaosha vyombo haraka haraka, halafu anakuja kusimama mbele yangu mikono juu.

Tarehe ya mechi ijayo nitaiweka hapa. Nina tiketi mbili za ziada, anayezitaka aje kwenye ujumbe wa faragha. Babu, moja ni yako, usinunue.

Babu wa Church Street

Nakuja. Ila nikianza kupiga mbinja mtoto wako asione haya.